Ukijaza Mdomo Bunia, Nani Ataupunguza?

Ardhi ambayo mji wa Bunia umekaa juu yake ni ya Babira, na kama kuna watu wa Ituri waliowahi kuushughulikia mdomo wa juu kwa dhati, ni mabibi wa Babira. Msichana alitobolewa mdomo huo angali mdogo, tunduni kikapitishwa kijiti chembamba. Jeraha likipona, kijiti kilitolewa kikaingia kinene zaidi, na baada ya hicho kingine, hadi nyama ikalegea kiasi cha kubeba kisahani cha mti. Kula na kunywa vilitaka ufundi wake. Kusema pia.

Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyepita magharibi ya Ziwa Albert mwaka 1891 pamoja na Emin Pasha, aliandika habari za Babira katika kitabu chake kilichochapishwa Berlin mwaka 1894. Harry Johnston, Mwingereza aliyepewa kuitawala Uganda, akawagusa tena katika kitabu chake cha 1902. Baadaye wakaja wapiga picha wa enzi ya Wabelgiji, na sura za wanawake wa Ituri wenye visahani zikasafiri hadi Ulaya kwenye kadi za posta. Chini ya picha liliandikwa jina la kabila. Jina la mwanamke mwenyewe, mara chache sana.

Babira hawakuwa peke yao. Kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, wanawake wa Kimakonde walivaa pambo liitwalo ndonya kwenye mdomo huohuo wa juu, na mpaka leo vinyago vya Kimakonde huchongwa nalo. Kando ya mto Shire, nchini Malawi ya sasa, pambo la namna hiyo liliitwa pelele. Iko hadithi inayopendwa sana na waongoza watalii, kwamba wanawake walijiharibu makusudi ili wasichukuliwe utumwani. Mimi siiamini sana. David Livingstone, katika safari yake ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, aliuliza mambo ya pelele, na mzee aliyeulizwa akashangaa kwamba jambo la wazi namna hiyo linahitaji kuulizwa: ni kwa ajili ya uzuri. Mwanaume ana ndevu zake. Mwanamke asiye na pelele atakuwa na nini? Hilo ni jibu la mtu anayejua anachosema. Hakuna mama anayetumia miaka kumi kumkuzia bintiye kitu anachokiona kibaya.

Waliokiona kibaya walikuwa wengine, na hao walilipa tiketi ili wakitazame. Mwaka 1930 sarakasi ya Ringling ya Marekani ilileta wanawake wa Kisara kutoka Chad, midomo yao ikiwa imebeba visahani vikubwa kweli, ikawatangaza kwa jina la "Ubangi". Ubangi ni mto wetu, unapita kaskazini mwa Kongo, na kwao hao wanawake ni mbali nao. Mtangazaji wa sarakasi, Roland Butler, aliliokota jina kwenye ramani kwa sababu lilimpendeza masikioni. Mwezi Mei 2015, huko huko Marekani, msichana wa televisheni Kylie Jenner alikiri hadharani kwamba midomo yake imejazwa kwa sindano, na waliokuwa wakimwiga kwa siri wakaanza kumwiga kwa wazi. Mdomo uliochekwa sasa unauzwa kwa mililita.

Kwa Bunia, hayo yote yamefika kwa njia ya simu. Ukikaa Jumamosi asubuhi katika saluni yoyote ya karibu na Bulevari ya Ukombozi, wakati jenereta zinanguruma nje na mama mmoja anasukwa kwa ajili ya arusi ya jioni, hutakosa kumwona binti akimsogezea msusi simu yake. "Yaya, nataka mdomo kama huu." Msusi anaitazama picha, anautazama mdomo wa binti, anafungua mkoba wa rangi. Mpaka hapo hakuna neno. Neno linaanza pale anapotokea mtu wa tatu na kusema kwamba yeye ana sindano, imetoka Kampala, au Dubai, na kwamba ni dakika kumi tu.

Kabla ya sindano ni vizuri tujue tunapima kwa kipimo gani. Madaktari wa Ulaya na Marekani wamezoea kufundishana kwamba mdomo wa chini ukiwa mara moja na nukta sita ya ule wa juu, uso umekaa sawa. Hesabu hiyo ilitoka kwenye nyuso za watu wao. Kwa watu weusi wengi midomo miwili inakaribiana unene, na hata uzeeni mdomo mweusi hukawia kusinyaa, kwa sababu nyama yake ni nyingi tangu mwanzo na rangi ya ngozi inaukinga na jua. Binti wa Bunia anayelalamika kwamba mdomo wake wa juu ni mdogo, mara nyingi ameulinganisha na mdomo uliovimbishwa na programu ya simu, wala si na wa dada yake.

Mara nyingine si unene hata kidogo, ni rangi. Wengi wetu tuna mdomo wa juu mweusi na wa chini wenye wekundu. Jicho hufuata wekundu, na ule mweusi unaonekana mwembamba kuliko ulivyo. Hapo ndipo msusi mwenye mkono mzuri anapompita daktari. Anaufuta mdomo, anaupaka mafuta kidogo, anasubiri yaingie. Anachukua kalamu ya rangi ya kahawa, iliyozidi kidogo tu weusi wa mdomo, na anaanzia katikati, pale kwenye upinde chini ya pua. Anachora vilele viwili vya upinde nje kidogo ya mpaka wake, upana wa uzi tu, kisha anateremka kuelekea pembeni akirudi taratibu ndani ya mpaka wa kweli. Akitoka nje ya mpaka mpaka kwenye pembe za mdomo, uso wote unakuwa wa mtu aliyekula mawese akasahau kujifuta. Juu ya kalamu anapaka rangi moja kwa midomo yote miwili ili ule wekundu unyamaze, na mwisho anagusa katikati ya mdomo wa juu kwa rangi iliyo nyepesi zaidi, yenye kung'aa. Kinachong'aa huonekana kimetokeza. Kazi imekwisha, gharama yake ni faranga za kalamu moja, na usiku inatoka kwa maji na sabuni.

Hilo la kutoka ndilo nataka tulishike, maana kila njia ya kuongeza mdomo ina swali lake moja kubwa: ukijuta, unarudije?

Kisahani cha Babira hakikuwa na kurudi. Serikali ya Wabelgiji na wamisionari walipokipiga vita, wasichana wadogo walisalimika, lakini waliokwisha kuvaa walibaki na mdomo unaoning'inia, wenye tundu, maisha yao yote. Waliovuliwa kwa sababu ya aibu ya wengine ndio walioonekana wamepungukiwa. Kalamu, kwa upande wake, ni kurudi kutupu. Kati ya hivyo viwili ndipo biashara yote ya leo ilipo.

Rangi za kuwasha zinazouzwa kwa jina la kukuza mdomo zina mambo ya pilipili, mdalasini, tangawizi au menthol ndani yake. Zinachokoza ngozi, damu inakimbilia pale, mdomo unavimba kidogo na kurudi ulivyokuwa kabla hata hujamaliza kula. Hazina miujiza. Mwenye ngozi nyepesi kudhurika atapata vipele na kubabuka, na wanaosaga pilipili yetu ya nyumbani wakajipaka kwa kuwa wameona video, hao wajue tu kwamba pilipili ya Ituri haina mchezo. Mwaka 2015, watoto wa Marekani walikuwa wakinyonya hewa ndani ya glasi ndogo ili mdomo uvimbe. Walipata walichotaka kwa saa chache, pamoja na michubuko ya zambarau ya wiki nzima.

Kwa watu wazima kuna jambo ambalo saluni haitalisema kwa sababu haliuzi. Mdomo wa juu unategemezwa na meno ya mbele. Mama aliyepoteza meno manne ya juu, mdomo wake huanguka ndani na kurefuka, na umri unaongeza urefu huo kati ya pua na mdomo. Huyo hahitaji sindano. Anahitaji daktari wa meno na meno ya bandia yaliyopimwa vizuri, na siku atakapoyavaa mdomo utasimama tena mahali pake. Nimeona watu wakimsifu mama wa namna hiyo kwamba amenenepa usoni, na ni meno tu.

Sasa sindano yenyewe.

Kinachotiwa na madaktari wa nje siku hizi, kwa sehemu kubwa, ni ute mzito wa asidi ya hayaluroniki. Miili yetu inaitengeneza yenyewe, kwenye ngozi na kwenye viungo, na kazi yake ni kushika maji. Ile ya mwilini huvunjika upesi, kwa hiyo viwanda huifunga kwa kemikali ili ikae miezi. Ulaya iliipokea katikati ya miaka ya 1990. Marekani iliruhusu aina ya kwanza mwezi Desemba 2003 kwa ajili ya mikunjo ya uso, na mwaka 2011 ikairuhusu rasmi kwa midomo. Kabla yake ilitumika kolajeni ya ng'ombe, ambayo ilitaka mtu ajaribiwe kwanza mkononi kuona kama mwili utaikataa.

Bomba moja lina mililita moja, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Huko kwao bomba hilo linalipiwa mamia ya dola. Daktari anapaka dawa ya ganzi, anasubiri, anasafisha, kisha anaingiza sindano nyembamba kandokando ya mpaka wa mdomo, akiacha tone hapa na tone pale, au mstari mwembamba wakati anaivuta sindano kutoka. Mdomo unavimba siku mbili tatu, na kwa hiyo unachokiona kwenye kioo siku ya kwanza si ulichonunua. Baada ya miezi sita hadi mwaka, sehemu kubwa imeyeyuka. Aliyewahi kuugua vidonda vya homa mdomoni, vile vinavyotoka kwa virusi vya herpes, ajue kwamba sindano inaweza kuviamsha, na daktari makini atampa dawa ya kuvizuia kabla ya kuanza.

Hatari iliyo kubwa imejificha ndani ya mdomo wenyewe. Mshipa wa damu unaolisha mdomo wa juu unapita humo humo, milimita chache tu chini ya ngozi, na haupiti mahali pamoja kwa watu wote. Ute ukiingia ndani ya mshipa, au ukiubana kwa nje, damu inakatika. Mdomo unapauka, kisha unapata mabaka, maumivu yanazidi, na ikipita siku bila msaada nyama huanza kufa. Mishipa ya uso imeungana na ile ya macho, na watu wachache duniani wamepofuka kwa ajali kama hiyo. Kwenye ngozi nyeusi kuna ugumu wa ziada, kwa kuwa kupauka hakuonekani upesi. Inabidi mtu aupindue mdomo autazame kwa ndani, au aubonyeze kwa kidole na kuangalia damu inarudi kwa kasi gani.

Dawa ya ajali hiyo ipo. Ni kimeng'enya kiitwacho hayaluronidazi, kinachoutafuna ule ute na kuufungulia mshipa njia. Kikidungwa katika saa za mwanzo, mara nyingi mdomo unapona bila kovu. Huko kwenye kliniki za kweli, kichupa cha hayaluronidazi hukaa kabatini kabla mteja wa kwanza hajaingia. Hicho kichupa ndicho mlango wa kurudi, na ndicho mtu wa Bunia anapaswa kukiulizia kabla hajaulizia bei. Mwenye sindano ya dakika kumi akutolee kichupa, akusomee tarehe yake, akueleze atakidunga wapi na kiasi gani mambo yakiharibika. Akianza kucheka, beba mkoba wako uondoke.

Atakayekuambia kwamba ikitokea shida utapelekwa Uganda, mpigie hesabu. Kutoka Bunia unapanda barabara ya Mahagi hadi mpaka wa Goli, kisha Nebbi, Pakwach, mpaka Kampala. Au unashuka Kasenyi uvuke ziwa kuelekea Ntoroko. Njia yoyote, na usalama ukiwa mzuri, na mvua isiponyesha, siku imekwisha barabarani. Tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, na kila msafiri anajua maana ya kizuizi kinachofungwa jioni. Mdomo uliokatiwa damu hausubiri kizuizi kifunguliwe asubuhi.

Na hapo nimesema juu ya ute ulio halali. Kuna kingine kinachopita kwenye mabegi, na kwa macho huwezi kukitofautisha: silikoni ya maji. Ni rahisi, haiyeyuki, na kwa msikilizaji asiyejua hilo la kutoyeyuka linasikika kama sifa njema. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijairuhusu kudungwa kwa ajili ya kukuza sehemu za mwili, na imewaonya watu mara nyingi. Silikoni huhama. Unadungwa mdomoni leo, miaka kadhaa baadaye vinatokea vinundu vigumu, mwili ukipigana na kitu ambacho hauwezi kukitoa. Hakuna kimeng'enya cha kuitafuna. Kinachobaki ni kisu, na kisu hakiwezi kuitoa yote bila kutoa na nyama.

Tunarudia kosa la zamani sana. Mwaka 1899 huko Vienna, daktari Robert Gersuny alianza kudunga mafuta ya parafini mwilini ili kujaza pale palipopungua. Ulaya ikafurahi, warembo wakapanga foleni, na haukupita muda mrefu parafini ikaanza kutengeneza mabonge, vidonda na usaha kwenye nyuso. Ilichukua miaka mingi kuiacha. Sisi tumepewa faida ya kuyajua hayo mapema, zaidi ya miaka mia baada ya Vienna.

Zipo pia zile kalamu zisizo na sindano zinazouzwa mtandaoni, zinazosukuma ute kwa nguvu ya hewa. Wauzaji wanasema hazina hatari kwa kuwa hazichomi. Mwezi Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaambia wananchi wake waziache kabisa, kwa sababu hakuna anayeweza kudhibiti kitu kinaingia kina gani, na mshipa haujali kama ulizibwa kwa sindano au kwa hewa.

Kwa mashariki ya Kongo, hata sindano tupu ina historia. Sisi ni watu wa sindano. Mgonjwa akipewa vidonge peke yake anaona hakutibiwa, na kila mtaa una mtu anayedunga nyumbani, wengine waliosoma uuguzi, wengine waliomtazama tu aliyesoma. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa ulitoka Kivu Kaskazini ukaingia Mambasa na Mandima, ukafika hadi Bunia hapa. Shirika la Afya Duniani lilieleza wakati ule kwamba vituo vidogo vya binafsi, vyenye vifaa vichache na usafi wa kubahatisha, vilikuwa moja ya njia zake kubwa za kuenea. Virusi vya ini na vya UKIMWI navyo husafiri kwa njia hiyohiyo. Kitanda cha saluni, chenye taulo iliyokwisha kutumika kwa watu watano, si mahali pa kufungulia ngozi ya mtu.

Njia nyingine nitazipitia mbio. Kuna sumu ya botulinamu, inayodungwa kidogo sana juu ya mdomo ili msuli ulegee na mdomo ujikunje kwa nje. Haiongezi nyama yoyote. Hudumu miezi miwili au mitatu, na inataka friji isiyokatikiwa umeme. Sihitaji kumweleza mkazi wa Bunia habari ya umeme. Wengine baada ya hapo hawawezi kupiga mluzi, wala kunywa kwa mrija, na herufi za p na b zinawaponyoka. Kuna upasuaji wa kunyanyua mdomo, unaokata ukanda mdogo wa ngozi chini ya pua ili sehemu nyekundu ipande. Matokeo yake ni ya kudumu, na kovu lake liko katikati ya uso, mahali ambapo mwenye asili ya makovu yanayovimba hapaswi kuguswa bila sababu nzito. Na kuna kuchukua mafuta ya tumbo la mtu mwenyewe yakatiwa mdomoni. Hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji, na sehemu ya mafuta hayo hufa, nyingine huishi, bila mtu kujua mapema ni kiasi gani.

Kuhusu kuchora rangi ya kudumu kwa sindano ndogondogo, ambako kumeanza kuonekana katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, nitasema hivi: kwa mwenye mdomo wa rangi mbili inaweza kumfaa, kwa sababu tatizo lake ni rangi kweli. Ila ngozi yetu ikijeruhiwa huwa na tabia ya kujibu kwa weusi, na aliyetaka kuung'arisha mdomo wa juu anaweza kuamka nao mweusi zaidi. Kufuta wino kunataka mashine ya leza. Swali letu ni lilelile.

Nikiambiwa kwamba hayo ni maneno ya kuwatisha wasichana, nitakataa. Mtu mzima mwenye pesa yake, aliyekwenda kwa daktari wa ngozi au wa upasuaji aliyesomea, katika kliniki ya Kampala au Nairobi yenye kichupa kabatini, akakaa huko siku kadhaa kabla ya kurudi, hana cha kuulizwa na mimi wala na mchungaji wake. Bibi wa Babira angemwelewa vizuri. Ninachokataa ni biashara ya kumwambia binti wa mtaa wa Mudzipela kwamba anaweza kupata jambo hilohilo juu ya kiti cha plastiki.

Iko midomo ya juu hapa kwetu ambayo kweli inahitaji mkono wa daktari, na inanishangaza jinsi tunavyoizungumza kidogo kuliko ile ya kwenye simu. Mwezi Machi 2010 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wapiganaji wa LRA, waasi waliotoka Uganda, walivyoua watu wa Haut-Uele, jirani zetu wa kaskazini, na jinsi walivyowakata baadhi yao midomo na masikio wakiwa hai ili wawe onyo kwa wengine. Kaskazini mwa Uganda walifanya hivyo kwa miaka mingi. Kumrudishia mtu mdomo uliokatwa ni upasuaji wa hatua kadhaa, unaoazima nyama ya shavu au ya mdomo uliobaki, na haufanani kwa lolote na mililita moja ya ute. Hospitali ya CoRSU huko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2009, ni mojawapo ya mahali panapofanya upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa watu wa kawaida.

Na wapo watoto wanaozaliwa na mdomo wa juu uliopasuka. Katika vijiji vyetu bado mama anaambiwa kwamba alimcheka sungura, au alitumia kisu wakati wa mimba, na wengine humficha mtoto ndani hadi akue. Mpasuko huo unatokea kabla mama wengi hawajajua kama wana mimba, katika wiki ambazo pande za uso zinakutana, na mara zingine hazikutani. Haukuletwa na mtu. Njia inayotumika sana kuushona ilibuniwa na daktari wa Marekani Ralph Millard alipokuwa na jeshi huko Korea katika miaka ya 1950: badala ya kuvuta kingo mbili na kuzishona kwa mstari, daktari huzungusha upande mmoja ushuke na kuusogeza wa pili uje kuziba pengo, na upinde wa mdomo unarudi mahali pake, vilele vyote viwili. Ni upinde uleule ambao msusi wa Bulevari anautafuta kwa kalamu.

Huko Goma, hospitali ya HEAL Africa imewashona watoto wengi wa namna hiyo, lakini tangu mji ule ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, safari ya kwenda huko si ya kumshauri mama kirahisi. Mara kwa mara timu za upasuaji hutembelea hospitali za mikoani, na tangazo lake hupita redioni na makanisani. Mama mwenye mtoto wa namna hii aulize katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Bunia au katika Kituo cha Tiba cha Kiinjili, aandikishe jina na namba ya simu, na asingoje tangazo kumlisha mtoto. Madaktari wana kipimo chao cha zamani: angalau wiki kumi za umri, kilo nne na nusu hivi za uzito, na himoglobini ya damu isiyopungua gramu kumi kwa desilita. Mtoto asiyeweza kunyonya vizuri hafikii kilo hizo kwa kusubiri. Akamuliwe maziwa ya mama kwenye kikombe kisafi, anyweshwe kwa kijiko huku ameinuliwa wima, kidogo kidogo, na apimwe uzito kila wiki katika kituo cha afya kilicho karibu.